Dima kwa balbu za LED: mwongozo kamili wa kuchagua na kufunga swichi ya kupunguza mwanga nyumbani

Anayetaka kupunguza mwanga sebuleni au chumbani mara nyingi huanza na swichi. Anaingia duka la vifaa vya umeme, anaulizia dima, anapewa ile ya kuzungusha iliyoandikwa wati 400, fundi anakuja kuifunga. Usiku taa zinachezacheza, au zinalia zzz, au zinagoma kufifia halafu zinazimika ghafla. Fundi analaumiwa, duka linalaumiwa. Kumbe dima ni nzima na fundi kaifunga sawasawa. Balbu ndizo hazikutengenezwa kwa kazi hiyo, au wati zake ni chache mno kwa dima ile.

Ndiyo maana hapa tunaanza juu darini, kwenye balbu, kisha tunashuka ukutani. Mifano ni ya nyumba za Tanzania na Kenya, zenye umeme wa volti 230 au 240 na swichi za mtindo wa Kiingereza.

Kama shida yako ni uniti, piga hesabu kwanza

Chukua sebule yenye balbu 6. Zikiwa zile za zamani za wati 60, zikawaka saa 4 kila usiku, ni wati 360 mara saa 4: uniti 1.44 kwa siku, uniti 43 hivi kwa mwezi. Ukiweka LED za wati 9, ambazo mwanga wake ni sawa na hizo za zamani, matumizi yanashuka hadi uniti 6.5 hivi kwa mwezi. Umeshaokoa zaidi ya uniti 36 kabla hujagusa dima. Sasa funga dima na uzipunguze hadi nusu ya umeme wake: utaokoa uniti 3 nyingine, basi. Zidisha kwa bei unayolipa ukinunua umeme, halafu linganisha na bei ya dima, balbu maalumu na mkono wa fundi.

Kama nyumba yako bado ina balbu za zamani, pesa yako iende kwenye LED za kawaida. Dima ni ya starehe ya macho: sebule ya kuangalia televisheni bila mng'ao kwenye kioo, chumba cha mtoto anayeamka usiku, meza ya chakula wageni wakija. Hizo ni sababu za kutosha, ila usiuziwe dima kwa jina la kubana matumizi.

Kuna jambo moja linalofaa kujulikana kuhusu jicho. Mwanga ukipimwa kwa kifaa na kukutwa umeshuka hadi robo, jicho huuona kama uko nusu. Kwa hiyo usishangae dima ikikuonyesha mabadiliko madogo mwanzoni na makubwa mwishoni. Dima iliyoundwa vizuri huwa imelizingatia hilo.

Hatua ya 1: Balbu

Ndani ya kila balbu ya LED, chini ya kile kioo au plastiki nyeupe, mna sakiti ndogo inayoitwa draiva. Kazi yake ni kupokea volti 230 na kuwapa vijitaa vya ndani mkondo usiobadilika. Ukiipunguzia umeme, draiva ya kawaida inajitahidi kurudisha mkondo ule ule, inashindwa, inajaribu tena. Huko kushindwa na kujaribu ndiko unakokuona kama taa kuchezacheza. Draiva ya balbu inayokubali dima imetengenezwa iitambue amri ya dima na kuifuata.

Huwezi kulijua hilo kwa kuitazama balbu, soma boksi. Tafuta neno "dimmable". Kama neno halipo, ihesabu kuwa haikubali. Nyingi huandikwa wazi "non-dimmable", au huchorwa alama ya kitufe cha dima iliyopigwa mstari. Muuzaji akikuambia "hii inakubali tu" na boksi linasema vingine, amini boksi.

Enaji seva, zile za mirija iliyojisokota, ziondoe kwenye mpango. Karibu zote hazikubali dima, na ukilazimisha utazifupishia maisha.

Rangi ya mwanga ni jambo ambalo wengi hulipita, nami naliona ndilo linaloamua kama utaifurahia dima yako. Madukani kwetu balbu zinazotoka sana ni za kelvini 6500, nyeupe yenye ubuluu. Ikiwa imewaka yote ni sawa. Ukiipunguza, chumba kinakuwa cha kijivu na sura za watu zinapauka. Balbu ya zamani ilikuwa inageuka kuwa ya njano-chungwa kadiri unavyoipunguza, na macho yetu yamezoea kuona mwanga hafifu ukiwa wa joto kama wa moto. LED haifanyi hivyo. Rangi yake inabaki ile ile. Kwa hiyo kwenye dima nunua kelvini 2700 au 3000. Zipo LED zinazoiga ule ugeukaji wa zamani, huandikwa "dim to warm" au "warm glow", ila bei yake iko juu.

Mengine kuhusu balbu ni ya haraka. Kwenye dima moja weka balbu za aina moja, kampuni moja, wati moja; ukichanganya, moja itazimika wakati nyingine bado inawaka. Balbu moja isiyokubali dima inatosha kuharibu mstari mzima. Na kabla ya kulipia kumi, nunua moja au mbili za kujaribia.

Paneli bapa na spotilaiti zilizozamishwa kwenye jipsamu zinahitaji uangalifu wake. Nyingi zina draiva ya nje, kiboksi cheupe kinacholala juu ya dari, na kiboksi hicho ndicho chenye kukubali au kukataa. Uzuri ni kwamba unaweza kukibadilisha bila kubadilisha taa: soma miliampu na volti za upande wa kutoa, kisha tafuta draiva inayokubali dima yenye miliampu zile zile na volti zinazoingia katika kiwango hicho hicho. Angalia pia inapokea amri gani. Iliyoandikwa "triac" au "phase-cut" inakwenda na dima ya ukutani ya kawaida. Iliyoandikwa 0-10V au DALI inataka waya za ziada za amri. Hiyo ni mifumo ya maofisini na mahotelini, nyumbani iepuke.

Mikanda ya LED ya volti 12 au 24 ni habari nyingine kabisa. Dima yake hukaa kati ya adapta na mkanda. Ukiweka dima ya ukutani kabla ya adapta ya kawaida unaiua adapta.

Hatua ya 2: Wati, za juu na za chini

Kila mtu huuliza dima inabeba wati ngapi. Swali hilo ni nusu tu. Dima ina kiwango cha juu na cha chini, na kwa LED cha chini ndicho kinachosumbua.

Tuseme dari yako ilikuwa na spotilaiti 8 za halojeni za wati 50, jumla wati 400, zikiongozwa na dima ya wati 60 hadi 400. Ilifanya kazi vizuri. Umebadilisha zote kuwa LED za wati 7, jumla wati 56. Dima ile ile sasa iko chini ya kiwango chake. Haipati mzigo wa kuishikilia, kwa hiyo inakatika na kurudi mara nyingi kwa sekunde. Unachohitaji ni dima ya LED, ambayo boksi lake husema kitu kama wati 5 hadi 100 au 5 hadi 150.

Kwa juu nako usijaze. Dima ya zamani iliyoandikwa wati 400 ilipimwa kwa balbu za zamani. Kwa LED, mafundi wengi hukadiria sehemu moja ya kumi tu, yaani wati 40. Ni kanuni ya kukadiria, lakini ina sababu: balbu ya LED inapowashwa hufyonza mkondo mkubwa kwa kitambo kifupi mno kujaza kapasita zake (vijihifadhi vya umeme vya ndani), na kwenye dima ya mtindo wa zamani jambo hilo hujirudia mara 100 kila sekunde. Tena LED nyingi za bei rahisi zina pawafakta ya karibu 0.5, maana yake balbu ya wati 7 inaibebesha dima mzigo kama wa 14. Dima nyingine huandikwa pia idadi ya juu ya balbu, mathalani balbu 10. Kama vyote viwili vimeandikwa, fuata kile kinachofikiwa kwanza.

Hesabu ya kufanya dukani: jumlisha wati za balbu zote, hakikisha jumla ni mara mbili ya kiwango cha chini cha dima au zaidi, na haizidi nusu ya kiwango cha juu cha LED. Ukikaa hapo katikati matatizo mengi hayakupati.

Hatua ya 3: Inakata mbele au inakata nyuma?

Dima ya kisasa ya nyumbani ilitokana na kazi ya Mmarekani Joel Spira mwishoni mwa miaka ya 1950. Zilizotangulia zilikuwa vyuma vikubwa vilivyopunguza mwanga kwa kugeuza umeme kuwa joto. Spira alitumia njia nyingine: kuuwasha na kuuzima umeme upesi kuliko jicho linavyoweza kuona. Umeme wa kwetu ni wa hezi 50, una mawimbi nusu 100 kwa sekunde, na dima hukata kipande cha kila nusu wimbi. Kadiri kipande kinavyokuwa kikubwa ndivyo mwanga unavyopungua.

Dima ya zamani hukata mwanzo wa wimbi. Umeme unakuwa sifuri, kisha unaruka ghafla juu. Kwa waya wa balbu ya zamani uliokuwa umeshawaka mwekundu, mruko huo haukuwa na madhara. Kwa draiva ya LED ni kipigo, na mlio wa zzz unaousikia ndio huo. Boksi lake huandikwa "leading edge" au herufi R na L.

Aina ya pili huacha wimbi lianze lenyewe polepole, kisha hukata mwisho wake. Hii ndiyo inayofaa LED nyingi: haina kelele, inashuka chini zaidi, haiumizi draiva. Huandikwa "trailing edge" au herufi R na C. Bei yake huwa juu kidogo. Ya tatu, yenye herufi R, L na C zote, huweza kufanya kazi kwa njia zote mbili. Nyingine hujichagulia yenyewe, nyingine unazipanga.

Kama boksi la balbu halisemi inataka ipi, chukua inayokata mwisho. Na hakikisha dima ina kiskrubu au mpangilio wa kuweka mwanga wa chini kabisa. Sinunui dima ya LED isiyo nacho.

Usidanganyike na regeleta ya feni. Inafanana na dima, ina kitufe cha kuzungusha, inaingia kwenye boksi lile lile, na mara nyingi inakaa rafu moja nayo. Imetengenezwa kwa mota. Taa ya LED juu yake haitatulia, na feni iliyofungwa kwenye dima ya taa itaunguruma hadi ipate moto.

Hatua ya 4: Angalia ukuta kabla ya kununua

Fungua swichi iliyopo, umeme ukiwa umezimwa kwenye DB (boksi la breka), na utazame mambo matatu.

Kina cha boksi. Swichi ya kawaida inatosha kwenye boksi la milimita 16. Dima ina tumbo nyuma yake, nyingi zinataka milimita 25, nyingine 35. Kupasua plasta iliyokwisha pakwa rangi ni kazi usiyotaka kuigundua siku ya kufunga. Kama boksi ni fupi, zipo fremu za plastiki za kuinua bamba kutoka ukutani.

Nyutro. Katika nyumba nyingi laivu (waya unaoleta umeme) ndiyo inayoshuka kwenye swichi na kurudi kwenye taa. Nyutro, waya unaokamilisha mzunguko wa umeme, inabaki juu. Dima ya waya mbili hufanya kazi hivyo hivyo, kwa kupitisha mkondo mdogo kwenye balbu zenyewe. Dima yenye sehemu ya nyutro ni tulivu zaidi, hasa mzigo ukiwa mdogo kama balbu moja au mbili. Kwa bahati nyumba zetu nyingi za matofali nyaya zake zimepitishwa kwenye mabomba ya plastiki, kwa hiyo fundi anaweza kuvuta waya mmoja zaidi kutoka juu bila kupasua ukuta. Usiamini rangi za nyaya. Nyekundu na nyeusi za zamani, kahawia na buluu za sasa, zote utazikuta, wakati mwingine ndani ya boksi moja, na waya wa kurudi kwenye taa mara nyingi ni mwekundu kama laivu. Pima.

Swichi ngapi zinaiongoza taa hiyo. Ngazini na kwenye korido ndefu kuna swichi mbili za tuwei. Weka dima upande mmoja, iliyoandikwa kuwa inakubali tuwei, na upande wa pili acha swichi ya kawaida. Usiweke dima za kawaida pande zote mbili. Na ukitaka dima mbili au tatu kwenye bamba moja, zinapashana joto, hivyo kila moja hubeba pungufu. Karatasi ya ndani ya boksi itasema kiasi gani.

Sola, inveta na jenereta

Hapa miongozo ya Ulaya haitusaidii. Dima inayokata wimbi inahitaji wimbi safi. Inveta za bei ndogo hutoa wimbi la ngazi ngazi badala ya mviringo, na dima inapoteza hesabu: taa zinawaka kwa vishindo au dima inaungua. Kama unategemea inveta, iwe ya "pure sine wave", au mstari wenye dima uuache nje ya saketi za akiba. Jenereta ndogo inayopanda na kushuka mwendo nayo itakuonyesha kila mtikisiko wake kwenye taa.

Mfumo mdogo wa sola wa volti 12 bila inveta hauna wimbi kabisa. Dima ya ukutani haifanyi kazi hapo. Tafuta ya DC (umeme wa betri) inayotumia PWM, yaani inayowasha na kuzima umeme upesi sana, ya volti zako na ampea zinazozidi mzigo wako.

Umeme kukatika nao uufikirie. Dima ya kuzungusha hurudi pale ulipoiacha. Ya kugusa, kutegemea aina, inaweza kurudi ikiwa imezimika au ikiwa imewaka yote. Balbu janja zinazoongozwa kwa simu ndizo zenye vituko: nyingi, umeme ukirudi saa nane za usiku, zinawaka mwanga wote chumbani ulimolala, hadi uingie kwenye programu yake na kubadilisha mpangilio. Kwa mpangaji asiyeruhusiwa kugusa nyaya balbu hizo bado ni chaguo zuri, mradi zifungwe kwenye swichi ya kawaida. Balbu janja juu ya dima ni ugomvi. Ipo njia rahisi zaidi kwa mpangaji: balbu zinazobadilisha kiwango cha mwanga kila ukizima na kuwasha swichi upesi. Zina viwango vitatu hivi tu, ila hazihitaji fundi.

Dukani

Nenda na balbu yako uliyokwisha ichagua. Maduka mengi, Kariakoo kwa mfano, yana holda ya kujaribia juu ya kaunta. Omba dima iunganishwe hapo. Ishushe polepole hadi mwisho. Zima ikiwa chini kabisa, washa tena: iwake pale pale, isisubiri upandishe. Sogeza sikio. Kisha irekodi kwa kamera ya simu iliyowekwa kwenye mwendo wa pole (slow motion). Ukiona mistari mizito ikikimbia, macho yako yatachoka hata kama huoni kitu. Balbu moja kwenye kaunta ni mzigo mdogo kuliko wa nyumbani, kwa hiyo ikichezacheza chini kabisa tu, jaribu na mbili kabla ya kuikataa.

Kufunga na kurekebisha

Kazi hii ni ya fundi mwenye leseni ya mamlaka ya udhibiti wa nishati, EWURA kwa Tanzania au EPRA kwa Kenya. Hata hivyo ujue anachofanya, usimame karibu.

Anazima breka ya mstari huo kwenye DB na kuhakikisha kwa kipimo kwamba umeme haupo. Anaitambua laivu inayoingia na waya unaokwenda kwenye taa. Laivu inaingia pale dima ilipoandikwa L, wa taa pale penye alama ya mshale au wimbi, nyutro kama ipo penye N, na ethi (waya wa ardhini) kwenye boksi la chuma au bamba la chuma. Swichi ya zamani isiyo na upande inasamehe nyaya zikigeuzwa. Dima nyingine hazisamehi.

Umeme ukirudi, washa taa zikiwa juu kabisa kwa dakika chache. Kisha zishushe hadi zianze kuchezacheza, na kwa bisibisi ndogo pandisha kiskrubu cha kiwango cha chini mpaka zitulie. Ongeza kidogo tena, kwa sababu volti za jioni, mtaa mzima ukipika na kuangalia televisheni, hushuka kuliko za mchana. Fanya marekebisho hayo usiku, wakati ambao taa zinatumika kweli.

Kumbuka kwamba dima iliyozimwa kwa kitufe haitengi umeme daima. Nyingine hupitisha mkondo kidogo. Ukibadilisha balbu zima kwenye breka.

Zikianza kusumbua

Taa zikipepesa zikiwa chini tu, ni kiskrubu cha kiwango cha chini. Zikipepesa kote, rudi kwenye maandishi ya boksi la balbu, kisha kwenye hesabu ya wati. Zikipepesa saa fulani za jioni pekee, pima volti.

Mlio ukitoka kwenye balbu, huenda dima inakata mbele, badilisha aina. Ukitoka ukutani, imezidiwa au skrubu za nyaya zimelegea.

Taa zikibaki na mwanga hafifu baada ya kuzimwa, dima ya waya mbili inavujisha mkondo na balbu ni chache. Dawa ni dima yenye nyutro, au kifaa kidogo cha kufidia mzigo kinachofungwa darini sambamba na taa. Ila kama hali hiyo ilikuwepo hata kabla ya dima, mwambie fundi aangalie kama swichi inakata nyutro badala ya laivu. Kosa hilo lipo kwenye nyumba nyingi, na ni la hatari kwa sababu holda inabaki na umeme taa ikiwa imezimwa. Swichi zenye kijitaa chekundu nazo huleta mwanga huo, lakini hizo hazina madhara.

Bamba la dima likiwa vuguvugu ni kawaida. Likikufanya uondoe mkono, au kukiwa na harufu ya plastiki, zima breka usiku huo huo na uiache imezimwa hadi boksi lifunguliwe.